Mwaka Tuliojaza Wino kwa Mama Leokadia

Tulikuwa tumeshamzika Mama Leokadia, na sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka uani tukimenya ndizi za kuwapikia waombolezaji, pale mgeni mmoja alipopita katikati ya migomba akiwa na begi mgongoni na vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimempigia simu Burundi siku iliyotangulia, bila kutegemea kwamba angewahi. Alivuka mpaka Kabanga asubuhi hiyo, akapanda basi la kwanza alilolikuta. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akalia kwa Kirundi, akimwita marehemu mama. Binti mkubwa wa Mama Leokadia, aliyekuwa ameolewa mbali miaka yote ile, akaniinamia sikioni. “Dada Koleta, yule ni nani?” Nikamjibu, “Ni mdogo wako. Anaitwa Spesioza.” Baadaye, Spesioza alipokuja kukaa kando yangu kwenye mkeka, alinishika mkono, akavigeuza vidole vyangu na kuvitazama kimoja kimoja. Akacheka huku machozi yakimtoka. “Vimetakata,” akasema. Wenzetu waliendelea kumenya ndizi, wakatuacha tucheke msibani kama wehu.

Tulijuana miaka mingi nyuma, mwaka ambao kambi ya wakimbizi ilianza kupungua. Malori yalipita barabarani yamejaa watu, magodoro na kuku, wanarudi Burundi, na maofisi yaliyokuwa yamejaa pale kwetu kwa sababu ya wakimbizi yalianza kufunga milango. Shirika nililokuwa nikilichapia barua lilifunga pia. Badala ya kubeba kila kitu, wakaniachia kompyuta moja kuukuu na printa ndogo ya wino, wakanishukuru kwa kazi, wakaondoka. Sikutaka kurudi kijijini kwetu Nyakisasa kulima. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, najua kuchapa bila kutazama vidole, na nilijiona mtu wa mjini ingawa mji wenyewe ulikuwa senta ya barabarani tu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kambini. Nikapanga chumba cha mbele kwa Mama Leokadia, mjane aliyekuwa akiuza maharage sokoni na kusali rozari kwa sauti ya kumwamsha jirani. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja linalotazama barabara, kitanda cha kamba, na meza ambayo kompyuta ilipowekwa juu yake haikubaki nafasi ya kuweka hata kikombe. Umeme niliupata kwa Mzee Idi, mtu wa Nyarubungo kule Biharamulo, aliyekuwa na mashine ya kusaga nyumba ya pili. Alivuta waya kutoka kwenye jenereta yake, akaupitisha juu ya paa la jiko la mama. Mashine ikisaga, na mimi nachapa. Mashine ikizimwa, kazi imekwisha. Unga wa mahindi ulitua dirishani kwangu na juu ya karatasi, nikazoea kuupuliza kabla ya kumkabidhi mteja barua yake.

Shida yangu ilikuwa wino. Printa ile ilikula katriji kama mtoto alavyo miwa, na katriji mpya ilibidi niagize Mwanza kwa makondakta wa mabasi. Wakati mwingine ililetwa ya namba nyingine isiyoingia, wakati mwingine imekauka, wakati mwingine kondakta hakurudi na habari yoyote. Nilikuwa nimekaa mlangoni siku moja nikiwaza kwamba labda jembe la Nyakisasa linanisubiri kweli, nikamwona msichana mwembamba akija kutoka upande wa kambini, amebeba furushi la karatasi kifuani kama abebaye mtoto. Alimsalimu kwanza Mama Leokadia, aliyekuwa akipepeta maharage kibarazani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula mama.”

“Hujala. Kaa hapo.”

Ndivyo Spesioza alivyoingia katika nyumba ile. Kabla sijajua shida yake alikuwa ameshawekewa sahani ya ndizi na maharage, na alikula kimya, macho chini, furushi likiwa mapajani. Kumbe ametumwa na mwalimu Ferdinandi, kiongozi wa kwaya yao ya kambini. Mwalimu alikuwa ametunga nyimbo miaka yote waliyoishi kule, na waimbaji walizijua kwa kichwa tu. Sasa watu walikuwa wanarudi makwao, huyu mlima huu, yule mlima ule, na mwalimu aliogopa kwamba nyimbo zitakatika vipande kama watu wenyewe. Alitaka kila mwimbaji aondoke na kitabu mkononi. Furushi lile lilikuwa nyimbo zote, nyingine zimeandikwa nyuma ya makaratasi ya daftari la watoto, nyingine juu ya maboksi ya dawa yaliyofunuliwa. Nikamwambia ukweli. Kuchapa naweza, lakini wino sina, na sijui nitaupata lini.

Akaomba aione hiyo katriji. Aliigeuza mkononi, akaitikisa, akaisikiliza. “Ndani mna nini?”

“Sponji. Inashika wino, halafu wino unatokea huku chini kwenye vitundu vidogo.”

“Basi si ichomwe sindano?”

Alikuwa msaidizi katika zahanati ya kambi, na kwake yeye dawa ya karibu kila tatizo ilianzia kwenye sindano. Mimi nilikuwa nimewahi kusikia kwamba Mwanza wapo wanaouza wino wa chupa, ila sikuwa nimewahi kumwona mtu akijaza. Kondakta mmoja akatuletea chupa, nyeusi moja na za rangi tatu. Duka la dawa pale senta likatuuzia mabomba ya sindano mapya. Tukabandua karatasi ya juu ya katriji, tukakuta kitundu, naye Spesioza akashika bomba kwa vidole vitatu, akasema maneno aliyozoea kuwaambia watoto wa zahanatini, “Usiogope, ni kidogo tu,” akachoma. Tulifurahi mno. Tulisukuma wino wote uliokuwa kwenye bomba, tukaongeza tena, kwa kuamini kwamba katriji ikishiba sana itachapa sana. Kisha Mama Leokadia akatuita kula. Meza yangu ilikuwa imejaa, nami nikaibwaga katriji juu ya meza ya sebuleni, kando ya dirisha lenye jua.

Juu ya meza ile kulikuwa na kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, chenye maua pembeni. Siku hiyo kilikuwa kimefuliwa na kunyooshwa, kwa sababu alasiri jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inakuja kusali nyumbani kwetu. Tuliporudi, tulikuta ziwa jeusi limeenea kuanzia katriji hadi kwenye maua. Mama Leokadia alisimama akalitazama. “Kitambaa hiki,” akasema, “nilikishona nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu.” Spesioza alipiga magoti, akaanza kusema maneno ya Kirundi na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, lakini mama akamwinua kwa kumshika kiwiko. “Inuka. Wewe niletee sanamu ya Bikira Maria, tuiweke juu ya doa. Na wewe Koleta, hilo dude lako lisiingie tena humu sebuleni, wewe na mimi tunaelewana?” Jumuiya ikaja, tukasali. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mpole, aliinyanyua sanamu ili apate nafasi ya kuweka kitabu chake, akaona doa, akairudisha taratibu kama mtu aliyefunua chungu cha wenyewe. Nilimwona Mama Leokadia akijiuma mdomo asicheke katikati ya Salamu Maria.

Tangu hapo kazi ya wino ilihamia uani, kwenye benchi lililokuwa kivulini nyuma ya jiko. Nikiikumbuka miezi ile, naikumbuka kwa harufu ya moshi wa kuni na ya maharage, na mlio wa mashine ya Mzee Idi. Spesioza alikuja mchana baada ya kazi ya zahanati, kwa kibali cha kutoka kambini, akavua viatu, akafunga mifuko ya nailoni mikononi, ingawa vidole vyetu vilibaki vyeusi hata hivyo, tukaanza kujifunza kwa makosa. Tuligundua kwamba wino ukisukumwa haraka hauingii kwenye sponji, unakimbilia pembeni na kutafuta pa kutokea. Spesioza akajifunza kuingiza sindano hadi chini kisha kusukuma polepole, akisubiri sponji inywe, na wino ukionekana tu kwenye mdomo wa kitundu, anavuta kidogo kurudisha. Tuligundua kwamba selotepu isiposhika vizuri wino unadondoka chini mfululizo, na ikibandikwa hadi kufunika kile kijia chembamba cha hewa, printa inatoa karatasi nyeupe. Katriji ya rangi ilikuwa na vitundu vitatu, na tulipokosea kitundu mara moja, manjano yetu yote yakawa kijani kwa wiki nzima. Baada ya hapo tulichovya kwanza kijiti cha kibiriti tuone rangi iliyomo. Jua tulikuwa tumeshaliogopa, maana lilipoipasha katriji, ilitapika. Kwa hiyo tuliiweka kivulini karibu na mtungi wa maji, imesimama juu ya tishu yenye unyevunyevu, vitundu vikitazama chini, tukaiacha ipumzike hadi iache kutoa machozi. Hayo maneno yalikuwa ya Spesioza. “Bado inalia,” alikuwa akisema, akiikagua. “Iache kwanza.” Tukasubiri, tukala, tukaongea.

Siku hizi vijana wananiuliza kwa nini tulihangaika hivyo, na siwezi kuwaeleza kwamba kule kusubiri ndiko kulikokuwa na raha. Nilipokuwa nachapa nyimbo, Spesioza alikaa kitandani kwangu akaniimbia mstari mmoja mmoja, maana maandishi ya mwalimu yalikuwa yamefutika mahali pengi. Kirundi na Kihangaza chetu ni ndugu, nami nilielewa karibu yote. Neno likinipita, nilimwita Mama Leokadia aliye jikoni, naye akajibu kwa kelele huku akikoroga chungu, na mara nyingi wakaanza kubishana yeye na Spesioza kuhusu maana, hadi isombe, yaani kisamvu, ikaungulia. Kwa mwezi wa kwanza mama alimwita “yule mtoto wa kambini.” Mwezi uliofuata akawa “Spesi.” Baadaye nilimsikia akimwambia mteja wa maharage, “Ngoja, mwanangu anakuja kukupimia,” na aliyetoka ndani kupima alikuwa Spesioza.

Alasiri moja tulikuwa kwenye benchi letu, yeye ameshika bomba lililojaa wino na mimi nimeshika katriji, hakuna aliyeweza kusogea. Upande wa pili wa ukuta wa jiko Mama Leokadia alikuwa akiongea na Mzee Idi, aliyekuja kuomba moto wa kuwashia sigara yake.

“Mimi nina kale kakiwanja ka pembeni,” mama alikuwa akisema. “Kana migomba tayari. Nataka nimpe yule mtoto. Nitaongea na mwenyekiti wa kijiji.”

“Wewe Leokadia. Wenzake wanarudi kwao.”

“Kwao kuna nani? Amekuja hapa hana baba, hana mama. Hapa ana mimi.”

“Umemuuliza mwenyewe?”

“Nitamuuliza. Mtoto gani anakataa shamba?”

Nilimtazama Spesioza. Alikuwa ameyakodoa macho kwenye ncha ya sindano, na wino ukaanza kudondoka juu ya magoti yake bila yeye kuona. Mzee Idi alipoondoka, aliweka bomba chini, akajipangusa kwa upande wa mkono. “Koleta,” akasema kwa sauti ya chini, “nina mdogo wangu wa kike. Tulipokimbia, tulipotezana njiani. Sijui yuko Burundi, sijui yuko kambi nyingine. Akirudi mlimani kwetu, akakuta hakuna mtu, atafanyaje?” Sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja. Miezi yote ile tumekaa goti kwa goti, nikidhani tumeshaambiana kila kitu.

Mama Leokadia alimuuliza Jumapili baada ya misa, wakiwa wamebaki wawili mezani, mimi naosha vyombo mlangoni. Alimwambia habari za kiwanja, za migomba, hata za kijana mmoja wa parokiani aliyemwona anafaa. Spesioza alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza habari za mdogo wake. Alilia alipokuwa akieleza. Mama hakulia, wala hakufoka. Alisema tu, “Nimekusikia,” akainuka, akaanza kupangusa meza ambayo ilikuwa imeshapanguswa. Kuanzia siku hiyo aliendelea kumwekea chakula kama kawaida, nyama ikiwepo alimpa kipande kizuri, lakini jina lake hakulitamka. Alisema “huyo.” “Mwiteni huyo ale.” Ilikuwa ngumu kwangu, niliyekuwa nikilala chumba cha jirani na kumsikia akiziruka shanga za rozari yake, anaanza, anaacha, anaanza tena.

Kisha habari ikaja kwamba safari ya wanakwaya imesogezwa mbele. Mwalimu Ferdinandi alifika mwenyewe, mtu mrefu aliyevaa koti hata kwenye jua, akaniuliza kwa upole kama vitabu vitawahi. Tulikuwa hatujafika hata nusu. Nikasema vitawahi, na mara tu alipoondoka nikashikwa na woga. Tulichapa mfululizo. Mashine ya kusaga haikuwa na mahindi siku zile, maana njaa ya katikati ya misimu ilikuwa imeingia, lakini Mzee Idi aliwasha jenereta kila asubuhi, akakaa karibu nayo akinywa chai, na nilipotaka kumshukuru akaniambia jenereta isipowashwa inapata kutu. Spesioza alijaza, mimi nikachapa, na karatasi zikatandazwa kitandani, sakafuni, na hatimaye kwenye mikeka uani. Hakuna hata tone lililovuja. Ila katriji haina maisha ya milele. Tulikuwa tumeijaza ile nyeusi mara nyingi kupita kiasi, na asubuhi moja vitundu vyake vikaungua, ikaanza kutoa mistari mitupu ya kijivu. Tuliisafisha kwa maji ya moto, tukaikalisha kwenye tishu, tukaisubiri. Haikuamka.

Spesioza alikaa chini ukutani, akafunika uso. Ilibaki robo ya vitabu. Mimi nikawa naitazama katriji ya rangi, ambayo hatukuwa tukiigusa sana kwa sababu nyimbo hazihitaji rangi. Nikaiambia kompyuta itumie hiyo peke yake. Ukurasa ulitoka polepole, rangi zote tatu zimejichanganya, na herufi zikawa za rangi ya kahawa. Tulizisoma. Zilisomeka. “Yoo!” Spesioza akapiga kelele, akanikumbatia na mifuko yake ya nailoni mikononi, akaniharibia blauzi yangu ya kanisani. Tukamaliza hivyo, vitabu vyetu vikiwa nusu na zaidi vyeusi, vilivyobaki vya kahawa. Niliogopa mwalimu atachukia. Alipovipokea alivifungua kimoja kimoja, akavinusa, akauliza, “Hivi vya kahawa naweza kuwapa sauti ya nne? Wao hupenda kujitofautisha.”

Siku ya kuondoka Spesioza aliletwa na kibali cha mwisho, muda mfupi tu, kuaga. Mama Leokadia alikuwa jikoni akisukuma kuni. Hakuinuka. Spesioza alipiga magoti mlangoni, akasema, “Mama, ninakwenda.” Mama akamsogezea furushi lililofungwa kwa jani la mgomba, bado la moto. “Chukua. Njiani kuna njaa.” Spesioza hakuinuka. “Nibariki basi.” Mama akanyoosha mkono bila kumtazama, akauweka juu ya kichwa chake, akauacha pale kwa kitambo. “Nenda,” akasema. “Gari litakuacha.” Malori yalipita baadaye mbele ya nyumba yetu. Nilisimama barabarani na Mzee Idi na nusu ya senta, na kwaya ilikuwa kwenye lori la mwisho, wamesimama, vitabu mikononi, wanaimba. Nilipunga mkono hadi bega likaniuma. Nyuma yangu nilisikia kinu kikitwangwa jikoni, kwa nguvu, ingawa najua hakukuwa na kitu cha kutwanga.

Nyumba ilikuwa kimya siku zilizofuata. Katriji mpya ilifika kutoka Mwanza, nikaitumia kwa barua za watu hadi ikakauka, nami nikaiacha hivyo, maana mwenye mkono wa sindano alikuwa ameondoka na sikutaka kujaribu. Ndipo jioni moja, jua bado lipo, Mama Leokadia akaja kusimama mlangoni kwangu, amevaa miwani yake ya kusalia.

“Koleta. Vile vitabu vya nyimbo, hukubakiza hata kimoja?”

“Walichukua vyote, mama.”

“Basi nichapie. Karatasi zenye maandishi makubwa, macho yangu haya unayajua.”

Nilimwambia wino hakuna. Akasema, “Si unajaza? Sisi tumekuwa tukiona.” Nikatoka uani, nikafunga mifuko mikononi, nikakaa kwenye benchi peke yangu. Nilizamisha sindano hadi chini, nikasukuma polepole mno hadi wino ukachungulia kwenye kitundu. Nikarudisha kidogo. Nikabandika selotepu, nikaisimamisha juu ya tishu, nikasubiri. Mama alileta kigoda, akakaa tukasubiri wote, yeye akiinama mara kwa mara kuikagua. Ilipoacha kudondoka nilikimbia kumwomba Mzee Idi asizime kwanza, nikamchapia nyimbo zote, herufi kubwa kama za watoto wa darasa la kwanza. Alizipokea kwa mikono miwili. Alikaa kizingitini, akaanza kusoma Kirundi kwa matamshi yetu ya Kihangaza, kidole kikifuata neno kwa neno.

“Wimbo aliokuwa akiupenda Spesioza ni upi?” akauliza.

Nikamwonyesha. Jenereta ilizimwa, barabara ikatulia. Mama Leokadia akaanza ubeti wa kwanza kwa sauti yake ya kanisani, akakosea, akarudia tangu mwanzo. Nilikaa kando yake nikashika sauti ya pili, ile aliyokuwa akiiimba Spesioza, kadiri nilivyoweza kuikumbuka.